Inatetemeka Ikipanda

Huyu mtu simpendi. Nalisema hapa mwanzoni ili anayetafuta sifa za mzee mwema akatafute kwingine. Nimemjua zaidi ya miaka ishirini, nimekula naye sahani moja kwenye misiba, nimelala naye chini ya gari ubavu kwa ubavu, na bado simpendi. Jina lake sitalitaja, wala si kwa heshima. Hakuna aliyelitumia. Ukisema Fundi, kuanzia Somanga mpaka mto Mbwemkuru, watu walijua ni yeye, na mafundi wengine wote ikabidi waitwe kwa majina ya baba zao. Hilo nalo lilinikera.

Gereji yake ilikuwa njia panda ya Nangurukuru, nyuma ya vibanda vya chai. Mabati manne, magogo mawili ya kupandishia gari, na sanduku la chuma la spana. Asubuhi alitandika gunia chini akazipanga spana kutoka ndogo mpaka kubwa kama samaki wa mnadani. Ukigusa moja ukairudisha si mahali pake, anaacha kazi, anazipanga upya zote, taratibu, wewe umesimama na gari yako imefunguka tumbo. Hasemi kitu. Kunyamaza kwake kulikuwa matusi tosha.

Ukutani alitundika cheti chake ndani ya kioo. Alikipata Dar es Salaam, sijui kwa nani, na kila mteja ilibidi asimame chini ya kile kioo akieleza shida yake. Mimi shule niliacha darasa la pili. Kusoma nimejifunza kwenye magunia: uzito, daraja la korosho, mahali yanakokwenda. Sijaona aibu. Lakini pale chini ya kioo alijua kukufanya uone aibu, hata kama uliingia na kofia yako imekaa sawa.

Swali lake lilikuwa moja. "Inafanya nini?"

Hakutaka hadithi. Alitaka neno moja. Nilikuwepo siku alipokuja mwenye duka mmoja wa Kivinje, mtu mzima, tumbo mbele.

"Fundi, gari yangu ina homa."

"Mpeleke zahanati."

"Namaanisha haiendi vizuri."

"Hivyo ni wewe unavyoona. Yenyewe inafanya nini?"

"Inasumbua, Fundi."

"Unayesumbua ni wewe. Nenda kanywe chai. Ukipata neno, rudi."

Yule mzee akaenda kunywa chai kweli. Akarudi akasema inavuma. Fundi akainuka, akaweka bisibisi ndefu kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, mpini sikioni, akamwambia mtu azungushe gurudumu. Kabla chai haijashuka tumboni mwa mwenye gari, ugonjwa umejulikana. Kwake kutikisika kulikuwa tairi, kuvuma difu, kugonga krosi, kukwaruza bereng. Mtu akichanganya maneno alifukuzwa. Sisi wengine tulikulia kwenye Kimatumbi cha mama zetu, na katika Kimatumbi cha mama yangu gari haikuwa na maneno yake kwa sababu gari yenyewe ilikuja juzi. Tulikuwa tunaokota maneno njiani. Yeye alijua hivyo na alicheka.

Na mara nyingi alipatia. Hilo ndilo linaloudhi. Mtu wa maringo asiyejua kazi unamcheka yakaisha. Huyu alijua.

Niseme na mengine ili nisiambiwe nimemwonea. Siku moja gari iliyobeba maiti kutoka Lindi ilikufa pale njia panda, jua la saa saba, wafiwa wamejikunyata kivulini wanalia. Fundi aliacha kazi za watu wote, akaingia chini na kanzu ya Ijumaa mwilini, akaitengeneza, hakupokea hata asante. Kisha akapanda nyuma na wafiwa, akaenda mpaka makaburini, akashika jembe. Watu hawakuwa ndugu zake. Jioni alirudi kwa miguu. Mteja aliyekuwa akimngoja tangu asubuhi alipolalamika, alimjibu, "Wewe bado unapumua, unaweza kungoja."

Lakini mtu huyohuyo aliyesikia sauti ya bereng iliyochoka kutoka ng'ambo ya barabara alikuwa na baiskeli inayolia kama bata. Mnyororo mkavu, miaka. Watu walimsikia akija kabla hawajamwona. Niliwahi kumwambia, "Fundi, baiskeli yako inafanya nini?" Wanywa chai wakacheka. Yeye hakucheka. Gari yangu ikakaa pale siku nne bila kuguswa.

Tena alikuwa mwoga wa mwendo. Hili wengi hawakulijua, mimi nililijua. Hakuwa na gari, na akijaribu gari ya mtu alikaa upande wa abiria, kiganja amekilaza sakafuni kama anayepima homa, na dereva akikanyaga kidogo tu anasema, "Inatosha, inatosha, rudi." Sijawahi kumwona amevuka mwendo wa hamsini. Mtu anayetibu magari anayaogopa magari. Ningemhurumia kama asingekuwa amenifanyia alichonifanyia.

Sasa pikapu yangu.

Zilikuwa siku za ruksa. Biashara imefunguliwa, mitumba imejaa, chama cha ushirika hakinunui tena korosho peke yake, na mtu kama mimi, ambaye nilianza kwa kubeba magunia kichwani, naweza kuwa na gari. Nilinunua pikapu kuukuu, rangi imebabuka, chesesi ndefu. Asubuhi nilichukua watu na mizigo Miteja, nikawashusha Nangurukuru, Kivinje, mpaka Masoko, jioni nikawarudisha. Palikuwa na magari mengine mawili yanayofanya njia hiyo. Watu walipenda yangu kwa sababu nilikuwa siwatukani na sikuwaacha njiani. Jina langu ndilo lilikuwa mtaji. Kiwanja sikuwa nacho, shamba la mikorosho lilikuwa la wajomba. Nilikuwa na jina na pikapu, na vyote viwili vilikwenda pamoja.

Krosi ya shafti ikaanza kugonga. Kwa asiyejua: shafti ni bomba refu la chuma linalotoka kwenye giaboksi mbele kwenda difu nyuma, ndilo linalozungusha magurudumu. Ya kwangu ilikuwa vipande viwili, kimoja kimechomekwa ndani ya mwenzake kwa meno, na katikati inashikwa na senta bereng, pete ya chuma yenye gololi ndani. Kwenye ncha pana masikio ya chuma yanayoshika krosi, kidude cha umbo la msalaba kinachofanya bomba liweze kupinda huku linazunguka. Krosi ikichoka, inagonga. Nilimpelekea Fundi, nikasema neno moja, "Inagonga," akaridhika nami. Alishusha shafti, akaichomoa vipande vyote viwili, akapiga grisi, akaweka krosi mpya, akarudisha.

Kugonga kukaisha. Wiki hiyohiyo kutetemeka kukaanza.

Nikikaribia mwendo wa sitini, sakafu inatetemeka mpaka miguu inakufa ganzi. Gia inapiga kelele kama nyuki kwenye debe. Kina mama waliokaa nyuma wanashika mabomba na kusema "Ya Rabi." Nikivuka sabini inapungua, nikishuka sitini inarudi. Nikaenda Nangurukuru. Fundi akachungulia kidogo chini ya gari, nami nikasimama chini ya kioo.

"Inafanya nini?"

"Inatetemeka, Fundi."

"Lini?"

"Ikipanda."

Nilimaanisha ikipanda mwendo. Kila dereva wa njia yetu alisema hivyo: ikipanda, ikishuka, maana yake spidi. Yeye akaniangalia kidogo, akauliza, "Na mzigo au bila mzigo?" Nikasema yote sawa. Akatikisa kichwa, akasema, "Ikipanda mlima injini inakaza, maunti zimelegea."

Ningemwambia pale pale kwamba sizungumzii mlima. Sikumwambia. Wanywa chai walikuwa wamegeuka wanatazama, na mimi nilikuwa nimeshachoka kurudishwa kama mtoto wa madrasa. Nikasema moyoni, anajua, ana cheti.

Akabadilisha maunti, zile raba zinazoshikilia injini. Inatetemeka. Akafungua klachi. Inatetemeka. Akashusha giaboksi, ikakaa juu ya magunia wiki nzima, watu wangu wa Miteja wanapanda magari ya wengine. Akairudisha. Inatetemeka. Kila mara alikaa upande wa abiria, kiganja sakafuni, arobaini, arobaini na tano, "inatosha, rudi." Kila mara alisema, "Mimi siisikii."

Siku moja nilitoa gia nikiwa katika mwendo, nikaiacha ijiendee yenyewe. Ikaendelea kutetemeka vilevile. Hata mimi wa darasa la pili nikaelewa: injini nimeiachia, klachi nimeiachia, na bado, basi ugonjwa uko nyuma ya giaboksi. Nikakimbia kumwambia. Mkononi alikuwa na kikombe.

"Umetoa gia gari inakwenda?"

"Ndiyo, nikasikia..."

"Na watu nyuma?"

Nikazitazama spana zake.

Akageukia wanywa chai. "Mnamsikia? Anaendesha watu bila gia. Nilikuwa natafuta ugonjwa kwenye gari wakati mgonjwa ameshika usukani."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Maneno hayo yalifika Miteja kabla yangu. Wiki ile viti vyangu vilianza kubaki wazi.

Kisha ikaja siku ya maulidi. Kina mama wa Miteja walikodi pikapu kwenda Kivinje, wamevaa kanga mpya doti moja wote, wanaimba. Mbele kidogo ya Miteja, senta bereng iliyotetemeshwa miezi yote hiyo ikakatika. Shafti ikashuka upande mmoja ikawa inapiga sakafu kwa chini, dang, dang, dang, kama mtu mwenye nyundo anataka kuingia. Nilisimamisha gari vizuri. Nalirudia: niliisimamisha vizuri. Lakini wengine waliruka kabla, na mmoja wao, Bi Somoe, akaangukia mkono. Kifundo kikavunjika. Kimeunga vibaya mpaka leo.

Fundi alikuja kwa baiskeli, tulimsikia toka mbali. Hakuingia chini ya gari. Alisimama katikati ya kina mama, mmoja analia, akasema, "Niliwaambia. Gari haina kosa. Kosa lina miguu miwili." Akaondoka.

Tangu siku hiyo sikumwamkia. Ananizidi umri, na kwetu mtu mzima hupewa shikamoo yake hata kama mmegombana. Mimi nilimwambia "Habari," tena nikipita. Watu walishtuka. Mke wangu alinikanya. Nikamwambia shikamoo ni yangu, naigawa ninavyotaka.

Pikapu ilikaa uani kwangu bila mtu. Bereng mpya nilipata, lakini sikumpelekea Fundi. Ijumaa moja nilikuwa Kivinje, nikaona imeegeshwa nje ya msikiti pikapu kama yangu, ndugu yake kabisa. Nikamsubiri mwenyewe aingie kuswali, nikajitumbukiza chini yake na shati jeupe. Nililala pale nikaitazama shafti yake kama ninavyotazama gunia lenye maandishi mageni, polepole, herufi kwa herufi. Masikio ya mbele yamelala. Ya nyuma yamelala. Yamelingana. Nikajaribu kukumbuka yangu.

"We nani huko chini?" Mwenyewe ametoka msikitini, ameona miguu.

"Nasoma," nikamjibu.

"Unasoma nini chini ya gari ya mtu?"

"Kitu ambacho fundi wangu hakusoma."

Alinifukuza, na haki yake. Nikarudi Miteja, nikaingia chini ya yangu. Masikio ya mbele yamelala, ya nyuma yamesimama. Zile shafti zilizochomekwa kwa meno zinaingia vyovyote utakavyo, lakini sahihi ni namna moja. Kabla ya kuchomoa unapiga mstari wa chaki ili urudishe palepale. Yule mtu wa kupanga spana zake kama samaki hakupiga mstari.

Nikachomoa, nikazungusha robo, nikachomeka, nikafunga na bereng. Nikatoka barabarani peke yangu. Hamsini. Sitini. Sabini. Sakafu imetulia kama ya nyumba. Sijui niliimba nini lakini niliimba.

Nikaenda moja kwa moja Nangurukuru, nikasimamisha mbele ya gereji, wanywa chai wamejaa. Nikamwambia, "Fundi, njoo uone masikio ya shafti."

Hakuinuka. "Nani kakufundisha?"

"Macho."

"Basi umekuwa fundi. Vua shati nikupe kazi."

Wakacheka tena. Hakwenda kutazama. Hakutazama! Nilitaka neno moja tu kwake, yeye aliyependa neno moja. Ilinichukua miaka miwili kupata watu kama zamani, na hata hapo wapo waliopanda gari yangu huku wakisoma dua kwa sauti makusudi.

Miaka ilivyokwenda, hasira ikapoa kidogo, si sana. Nikawa najiambia: lilikuwa neno. Mimi nilisema ikipanda, yeye akasikia mlima. Yeye hakuuliza kwa kiburi, mimi sikusahihisha kwa kiburi. Nikayagawa makosa nusu kwa nusu, nikaona nimekuwa mtu mzima mwenye busara. Kumbe nilikuwa najikatia kipande kisicho changu.

Mwaka jana nilikwenda Kikole na lori kupakia ufuta. Sasa nina lori, na barabara kubwa ni lami. Vijana wakiwa wanapakia, mama mmoja akaja akasema baba yake yupo hapo nyumbani, miguu imevimba, anaomba lifti mpaka Nangurukuru, akapande gari ya hospitali ya Lindi. Nikamfuata. Barazani amekaa Fundi. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku.

"Wewe," akasema. "Wa ikipanda."

"Habari," nikamwambia.

Binti yake akaleta kahawa, akaingia ndani kufunga mzigo. Nikakaa. Sikuwa na haja ya kukaa, nilikaa. Nikamwambia ile busara yangu: kwamba nimefikiri sana, kwamba mimi nilisema mwendo na yeye akasikia mlima, na neno ndilo lililotugombanisha.

Akaniangalia kama ananionea huruma.

"Kutoka Miteja mpaka Nangurukuru," akasema, "kuna mlima gani?"

Nikaipita njia hiyo yote kichwani. Tambarare.

"Nilikuelewa. Mara ya pili ulipokuja, nilichungulia nikaona masikio hayalingani. Watu wamejaa. Mwenye duka wa Kivinje yupo. Ningesema nini? Wewe ukasema ikipanda, ukanipa mlango, nikatokea humo."

"Ungerekebisha kimyakimya uliposhusha giaboksi."

"Ningerekebisha, ingepona siku hiyo, ungeuliza ni nini. Wewe ni mtu wa kuuliza."

"Na Bi Somoe?"

Akaangalia kikombe. "Sikujua bereng itakatika."

"Ulijua. Wewe unasikia bereng ng'ambo ya barabara."

Hapo ndipo aliponyamaza, na safari hii haikuwa tusi. Nilinyanyuka. Nilitaka kumwacha palepale barazani. Binti ametoka na mkoba, amevaa viatu vya safari, hajui lolote. Nikamwambia, "Wewe kaa mbele na mimi. Baba yako atapanda juu ya magunia."

Binti akashangaa. "Mjomba, mgonjwa huyu!"

"Juu ya magunia ni laini."

Fundi akasema, "Niacheni, napanda." Vijana wakampandisha. Mimi nikaendesha. Niseme kweli, niliendesha taratibu kwenye vumbi kwa sababu ya miguu yake, na tulipofika lami nikakanyaga. Sitini, sabini, themanini. Kwenye kioo niliona ameshika kamba kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Sikupunguza.

Nangurukuru watu walimtambua mara moja. Wazee wawili wa vibandani, waliokuwa wakinywa chai tangu enzi zile, wakaja kumpokea, "Shikamoo Fundi, pole Fundi," wakamshusha kama mzigo wa vyungu. Mmoja akatazama lori, akanitazama mimi dirishani, akacheka.

"Fundi umekuja na huyu? Si ulisema huyu anaua magari?"

Watu sita, saba wamesimama. Wengine wa Miteja, nawajua. Fundi ameegemea bega la binti yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakinyanyua kiganja, akakilaza kwenye bati la lori, injini bado inaunguruma.

"Gari yake haitetemeki," akasema.

Nikazima injini ili nisikie vizuri kama kuna neno litakalofuata. Nilingoja pale, mkono kwenye ufunguo.

Fundi akaomba maji ya kunywa.